Kukata maneno marefu ya Kizungu kama muwa

Mimi nataipu watu karatasi hapa Busia upande wa Uganda, natoa fotokopi, naprinti, nalamineti, na hio kazi ndio imenifundisha maneno marefu ya Kizungu kuliko shule, maana shule nilikariri alafu nikasahau yote. Kuna mama mmoja mwenye gesti aliniambia nimtaipie maneno ya bango lake ili fundi wa rangi aangalizie. Stima ilikuwa inacheza cheza siku hio, nikataipu mbio mbio, nikaandika ACCOMODATION, yaani malazi, kwa M moja badala ya mbili. Fundi naye akapaka vile vile alivyoona kwenye karatasi, herufi nyekundu kubwa. Wiki mbili bango linaning'inia, watu wanapita, mpaka mgeni mmoja mwalimu akalisoma akacheka. Nikamwona yule mama anaingia dukani, hata salamu hakutoa, "Mwanangu, M yangu ingine iko wapi?" Sente za rangi zilitoka mfuko wangu.

Baada ya hapo nikaanza kuweka maneno marefu kwenye daftari, na sasa natumia daftari hilo hilo na binti wa dada yangu yuko P7, yaani darasa la saba. Nitakueleza vile tunafanya, hatua kwa hatua, lakini hatua zingine ni fupi zingine nitachelewa kidogo maana utamu uko hapo.

HATUA YA 1: Chukua daftari, usipange kwa A B C

Dikshenari inapanga maneno kama watu kwenye laini ya benki, huyu hamjui aliye mbele yake. Hepatitis iko kwa H, gastritis iko kwa G, arthritis iko kwa A, na hawa ni ndugu wa tumbo moja. Wewe panga kama harusini, upande wa bibi harusi wakae huku na upande wa bwana wakae kule. Kila ukoo upe kurasa mbili, juu andika herufi wanazochangia, mfano -ITIS, chini yake unaongeza neno kila unapokutana nalo, kwenye fomu, kwenye chupa ya dawa, kwenye ukuta wa ofisi. Usikae chini ukatafuta maneno mia siku moja. Neno ulilokutana nalo mwenyewe halitoki kichwani.

HATUA YA 2: Tafuta fundo

Muwa kila mtu wa Busoga anaujua. Ukitaka kuuvunja kwa goti haulengi popote tu, unatafuta fundo, pale pingili mbili zimeungana. Neno refu la Kizungu ni hivyo hivyo, lina kichwa, lina kiini, lina mkia, na mara nyingi kila pingili ina maana yake.

Na wewe unayesoma hapa unajua hii kazi tayari sema hujijui. Angalia "hatukuwaandikishia", herufi 18, mtoto wa miaka sita anaisema bila kupumua. Ha ni kukana, tu ni sisi, ku ni wakati uliopita, wa ni wao, alafu andik, alafu ish, alafu ia. Hakuna aliyekukalisha ukakariri hilo neno zima. Sasa chukua internationalization: inter ni baina ya, nation ni taifa, al inaligeuza liwe "la kitaifa", iz ni kufanya liwe hivyo, ation ni kitendo chenyewe. Kukifanya kitu kiwe cha kimataifa. Herufi 20, na watu wa kompyuta wamechoka kuiandika wakaifupisha i18n, yaani i mwanzo, n mwisho, kumi na nane katikati wamezimeza.

Tofauti ni kwamba Kiswahili kinapenda irabu kila mahali, ba be bi, na Kizungu hakijali. Strengths ina herufi tisa na irabu moja tu. Catchphrase ina konsonanti sita zimefuatana, tchphr, jaribu kuisema ukiwa na chapati mdomoni. Kwa hivyo ukikata usikate kwa kusikia mdomo, kata kwa macho, kwenye karatasi, na kalamu, unachora kamstari pale kwenye fundo.

HATUA YA 3: Anza na ukoo wa hospitali

Nasema uanze hapa kwa sababu hizi karatasi zitakufikia utake usitake. Mtu anatoka kliniki na fomu, anakuja kwangu kutoa kopi, ananiuliza "hapa wameandika nini?" Mimi si daktari na matibabu siongei, lakini kusoma jina la ugonjwa naweza kumsaidia.

-ITIS ni uvimbe na moto wa mwili, kiungo kimekasirika. Kilicho mbele yake ndio kinakwambia ni kiungo gani. Gastr ni tumbo, kwa hivyo gastritis. Hepat ni ini, hepatitis. Arthr ni maungo, arthritis, na ukiongeza osteo ya mfupa mbele unapata osteoarthritis. Derm ni ngozi. Bronch ni njia za hewa kwenda mapafuni. Mening ni utando wa ubongo. Appendicitis ni kidole tumbo, tonsillitis ni mafindofindo. Na yale macho mekundu yaliyotembea Uganda mwanzo wa 2024, kila mtu amevaa miwani nyeusi kama msanii, jina lake refu ni conjunctivitis, conjunctiva ikiwa ule utando wa jicho. Ukitaka refu zaidi, gastroenteritis, herufi 15, gastr tumbo, enter utumbo, itis. Tumbo na utumbo vyote vimewaka, utakuwa na safari nyingi za choo.

-AEMIA ni habari ya damu. An mbele ni kukosa, kwa hivyo anaemia ni upungufu wa damu. Leuk ni nyeupe, leukaemia ni kansa inayohusu chembe nyeupe za damu. Kompyuta yako kama imesetiwa Kizungu cha Marekani itakupigia mstari mwekundu chini ya anaemia inataka anemia, usiisikize, sisi tunaandika cha Uingereza, badilisha seting.

Sasa hapa ukae macho kabisa. HYPER ni juu kupita kiasi, HYPO ni chini. Mwisho tu ndio unatofautiana, er na o, na maana inageuka juu chini. Hypertension ni presha ya kupanda, hypotension ni presha ya kushuka. Hyperglycaemia, glyc ni sukari, aem ni damu: sukari imepanda kwenye damu. Hypoglycaemia, imeshuka. Kuna mzee alinipa ripoti ya mkewe niitaipu upya kwa ajili ya watoto walio ng'ambo, mwandiko wa kliniki ulikuwa kama kuku amepita na tope, sikuona kama ni er au o. Nikakataa kubahatisha, nikamwambia mzee wangu rudi uulize. Alinuna, akarudi, ilikuwa hypo. Mimi nilikuwa karibu kuandika hyper kwa sababu ndio nimezoea. Ukariri kwa hii: hypO ina O kama shimo, umeanguka chini.

Kwa haraka tu, -ECTOMY ni kukata na kutoa kabisa, kama tonsillectomy au hysterectomy ya kizazi. -OTOMY ni kupasua kuingia bila lazima ya kutoa kitu. -OSTOMY, imeongezwa s, ni kufungua mlango kwenye mwili, kama colostomy ya utumbo mpana.

HATUA YA 4: Nenda duka la dawa za mifugo

Ukoo wa -CIDE, na kazi yao ni moja, kuua. Asili ni Kilatini. Simama mbele ya duka lolote la pembejeo utasoma wote: insecticide ya wadudu, herbicide ya magugu, fungicide ya kuvu, rodenticide ya panya, na acaricide ambayo wafugaji wote wanaijua kwa kazi yake hata kama hawaijui kwa jina, dawa ya kupe. Pesticide ndio baba yao, inabeba wote. Ukitoka dukani ukienda polisi unakuta ndugu zao wabaya, homicide kuua mtu, infanticide kuua mtoto mchanga, genocide kuua kabila au taifa. Suicide unaijua.

Niliwahi kumuuliza yule binti, sasa coincide inaua nani? Akafikiri sana. Haiui mtu, ni mambo kutokea pamoja, ilitoka kwa neno lingine la Kilatini la kuanguka, ndio pia lilizaa accident. Lakini decide, hio kweli ni ndugu ya pesticide, kuamua ni kukata, na sisi pia tunasema kukata shauri. Nilipoona hio nilicheka peke yangu dukani.

HATUA YA 5: Ukoo wa agrimenti

Agrimenti ni mkataba, na hapa ndio watu wanapoteza vibanja, yaani vipande vyao vya ardhi, si mchezo. Mtu anasaini karatasi imejaa maneno yenye HERE, THERE na WHERE, anaona ni mapambo ya mawakili. Si mapambo. HERE ni karatasi hii uliyoshika. THERE ni kile kitu kilichotajwa tayari. Hereby ni kwa karatasi hii. Herein ni ndani ya karatasi hii. Hereunder ni hapa chini. Hereinafter, herufi 11, here-in-after, ni kuanzia hapa kwenda mbele ndani ya karatasi hii. Ukikuta wameandika jina la mtu alafu "hereinafter referred to as the Seller", maana yake mbele huko hatutarudia jina, tutasema tu muuzaji, na muuzaji ni huyo. Hereinbefore ni kinyume, tulishasema nyuma. Thereof ni ya hicho kitu, thereafter ni baada ya hapo. Whereas ni kwa kuwa. In witness whereof, pale chini karibu na saini, ni kwamba tunashuhudia hayo yote.

Notwithstanding ni la herufi 15 na ni la hatari kuliko yote kwenye hio karatasi. Not-with-standing, ukilikata unafikiri ni habari ya kusimama. Maana yake ni "hata kama kuna hilo lingine". Wakiandika notwithstanding clause 4, ujue kifungu cha 4 hakiwezi kukuokoa hapo, hiki kimekipita. Mimi nikimwona mteja anataka kusaini na neno hilo lipo namwambia tafuta mtu wa sheria akusomee kwanza, soda yangu utanilipa siku nyingine.

Kuna na maneno ya Kilatini yanaenda mawili mawili. BON ni -ema, zuri. Bonus, pro bono ambayo ni kazi ya bure kwa ajili ya wema, na bona fide, kwa nia njema. Hii ya mwisho Uganda ina uzito, Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtaja bona fide occupant, na aina moja ya huyo ni mtu aliyekaa kwenye ardhi na kuitumia miaka 12 au zaidi kabla Katiba ya 1995 haijaanza, na mwenye hati hakumpinga. Na PER ni kwa kila. Per annum kwa mwaka, per capita kwa kila kichwa, percent kwa kila mia, na per diem kwa siku, yaani posho ya siku, hio ya mwisho Uganda hakuna mtu haijui, hata asiyejua Kizungu anajua perdiem imechelewa.

HATUA YA 6: Mitego

Herufi kufanana si undugu kila wakati, ndio ile coincide niliyosema. IN mbele mara nyingi ni kukana: invisible haionekani, incomplete haijakamilika. Sasa simama kando ya barabara hapa Busia uangalie matanki ya mafuta yanangoja kuvuka, nyuma imeandikwa HIGHLY INFLAMMABLE. Mtu akikata kwa mazoea atasema in ni kukana, flammable ni kuwaka, basi haiwaki, na atawasha sigara. Inflammable na flammable ni kitu kimoja, vyote vinawaka, hio in ni ya "ndani", kushika moto. Invaluable pia, si kitu bure, ni chenye thamani isiyopimika.

Na ukikata pahali si pake inakuwa aibu. Manslaughter, kesi ya kuua bila kukusudia. Ukiweka kamstari baada ya s unapata mans-laughter, kicheko cha mwanaume. Na matamshi yanabadilika, laughter unasema lafta, slaughter unasema slota, herufi moja tu imeongezwa mbele. Kwa nini? Usiniulize, Kizungu kiko hivyo.

HATUA YA 7: Herufi pacha

Hii ni ya bango langu. Maneno yenye herufi mbili mbili hayakaririki kwa kuyaangalia, unatafuta kasentensi ka Kiswahili. Zangu ni hizi, tumia au tunga zako:

Accommodation, c mbili m mbili: Chai na Chapati kwa Mgeni na Mkewe.
Recommendation, c moja m mbili: Chairman mmoja, Mihuri miwili. Hii naitaipu kila siku kwa barua za LC1, yaani serikali ya kijiji.
Necessary, c moja s mbili: Chapati moja, Sambusa mbili.
Committee, mm, tt, ee: kamati haikai mtu mmoja mmoja, wote wanakaa wawili wawili.

Embarrassment ina rr na ss, lakini harassment ina r moja, hapo kila mtu anakosea hata walimu. Possession ni ss mara mbili. Bookkeeper, mtu wa kuandika hesabu, ndio raha yangu, oo kk ee, pacha watatu wamepanga foleni bila mtu kati yao.

HATUA YA 8: Mchezo wa jioni

Ukishachoka na karatasi za watu, cheza. Sisi stima ikikatika tunacheza kwa mdomo. Kanuni ni hii, taja neno lenye a e i o u zote tano. Education inayo, kila moja mara moja. Regulation, reputation, precaution, dialogue. Cauliflower ya sokoni. Behaviour inayo, lakini kwa spelingi ya Uingereza tu, Mmarekani ametoa u amejinyima. Alafu panda daraja, zifuatane kwa mpangilio: facetious, mtu wa utani pahali pasipo pa utani, na abstemious, mtu wa kujizuia kula na kunywa. Kinyumenyume, u o i e a: subcontinental, ya bara dogo kama lile la India, na uncomplimentary, maneno ya kumshusha mtu. Au herufi yoyote isirudie: uncopyrightable, herufi 15 zote tofauti, kitu kisichoweza kuwekewa hakimiliki. Au neno unaloweza kutaipu kwa mstari wa juu wa kibodi peke yake: typewriter yenyewe, proprietor mwenye biashara, perpetuity umilele. Hii najua watu wa taipu watapenda.

Watoto lazima watakuuliza lile refu kuliko yote. Wengi wanajua antidisestablishmentarianism, herufi 28, wanalisema kama wimbo hawajui maana. Likate: anti kupinga, dis kuondoa, establish kuweka rasmi, alafu ment-arian-ism mikia mitatu. Ni msimamo wa wale waliopinga kanisa la Uingereza kuondolewa cheo cha kuwa kanisa la dola. Kwetu bishano hilo halina kazi, Katiba kifungu cha 7 kinasema Uganda haitakuwa na dini ya serikali. Floccinaucinihilipilification ina 29, ndani kuna i tisa na hakuna e hata moja, na maana yake ni kuona kitu hakina thamani, Kilatini wamerundika maneno manne ya "si kitu" mfululizo. Nguvu zote hizo kusema si kitu!

Refu zaidi ni la herufi 45, pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Pneumono mapafu, ultra kupita kiasi, microscopic ndogo ya kuonwa kwa hadubini, silico silika, volcano mlima wa moto kama Muhabura kule Kisoro, coni vumbi, osis ugonjwa. Ugonjwa wa mapafu wa vumbi laini la volkano. Lilitungwa 1935 Marekani na mtu wa chama cha mafumbo ya maneno ili tu liwe refu, daktari haliandiki. Lakini neno fupi ndani yake, silicosis, hilo ni la kweli, ni vumbi la mawe kwenye mapafu, na wanaoponda kokoto bila kuziba pua wanahitaji kulijua.

Binti alilikata lote mara ya kwanza kwa tochi ya simu, kamstari kwa kamstari, alikosea moja tu, aliunganisha volcano na coni. Alafu akaniuliza, "Mjomba, na bango la gesti lina herufi ngapi?" Kumi na tatu, nikamwambia. Kesho yake akipita akitoka shule alihesabu kwa kidole akaja kunisahihisha ati ni kumi na mbili na nusu, kwa sababu fundi alikosa nafasi na M ya pili ameipenyeza kati kati, ndogo kama ya watoto.